Wachezaji wa Lori la Maziwa

Mwezi uliopita nilirudi Kapseret kwa sherehe ya misheni yetu ya zamani. Pale langoni mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani alinipa soda na kijitabu cha historia, chenye karatasi za kung'aa. Niliketi chini ya hema nikakifungua kama mtu anavyofungua albamu ya kwao, akitafuta sura za watu wake. Kulikuwa na ukurasa wa shule, ukurasa wa zahanati, ukurasa wa ng'ombe wa maziwa. Kisha nikafika kwenye picha ya lori, na mbele ya lori watu kumi hivi wamesimama wakikunja nyuso kwa sababu ya jua. Mwanamke wa tatu kutoka kushoto, aliyeshika fimbo ya bibi kizee ingawa uso wake ni wa msichana, ni Mama. Mtoto aliyeng'ang'ania leso yake ni mimi.

Chini ya picha walikuwa wameandika mistari michache. Kwamba padri mwanzilishi aliunda kikundi cha maigizo kilichopendwa sana. Kwamba kikundi kilivunjika baada ya mwigizaji mmoja, dobi wa misheni, kutamka jukwaani maneno ya uchochezi aliyoyatunga mwenyewe.

Nilisoma mara mbili. Kwaya ilikuwa inaimba, watu wanapiga makofi, na mimi nimekaa na soda ambayo sikuifungua.

Sasa acha nikueleze wewe, rafiki yangu, kwa sababu haya mambo sijawahi kumsimulia mtu yeyote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kapseret ya utoto wangu ilikuwa ya baridi. Mwezi wa saba ulikuwa ukitoka nje asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi, na miguu ya sisi wasio na viatu inapasuka kama udongo wa kiangazi. Kabla jua halijachomoza ulisikia mikebe ya maziwa ikigongana barabarani, wakulima wakiipeleka kwenye kituo cha ushirika kwa baiskeli na mikokoteni ya punda. Moshi wa miti ya miwati ulikaa chini kabisa, ukaingia kwenye nywele na sweta, na hata leo nikiunusa mahali tumbo langu linakumbuka ugali wa moto na maziwa lala.

Kwetu tulikuwa watatu. Baba alikuwa ametutoa upande wa magharibi kuja kufanya kibarua kwenye mashamba ya ngano, na alipokufa kwa homa, Mama alibaki na Nyanya, mama yake Baba, na mimi. Mama akapata kazi ya kufua misheni. Alifua vitambaa vya altare, kanzu na mashuka ya Padri, akavinyoosha kwa pasi ya makaa hadi vikasimama vyenyewe kama mabati. Mikono yake ilikuwa na harufu ya sabuni ya kipande hata siku za Krismasi.

Padri, ambaye sote tulimwita Fatha, alitoka Ayalandi. Alikuwa mrefu, masikio yakiwa mekundu wakati wote kama mtu aliyetoka kuvutwa na mwalimu, na Kiswahili chake kilikuwa kimetoka kwenye kitabu moja kwa moja. Alipenda kusimulia habari za kwao. Alisema upande wa magharibi wa nchi yake kuna vijiji vidogo ambako mvua haiishi, na kila mwaka, alipokuwa mtoto, lilikuwa likija lori moja lenye mbao, pazia na waigizaji. Waliigiza kwenye maghala na kumbi za vijiji, usiku huu hapa, kesho mlima wa pili. Shangazi yake aliwapa malazi. Siku moja Fatha mwenyewe alikunywa uji meza moja na mfalme wa mchezo ambaye bado alikuwa na rangi shingoni. Alituambia watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba walikaa benchi moja wakacheka pamoja, na asubuhi wakaonekana wakiazimana jembe.

Basi alipoona lori la maziwa la misheni likikaa bure kila Jumamosi mchana, kumbukumbu hiyo ikamfanya aunde kikundi.

Jukwaa letu lilikuwa mikebe kumi na miwili ya maziwa iliyofunikwa mbao. Ukikanyaga ilitoa mlio wa ngoma, na jua likiwa kali ilitoa harufu ya maziwa yaliyochacha. Pazia lilikuwa magunia yaliyoshonwa pamoja na kutiwa rangi ya maganda ya miwati, jekundu la kutu. Mwalimu wa darasa letu ndiye aliyetunga michezo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, na mchezo ukienda vizuri alikuwa akilia kwa furaha, hata haoni haya. Jirani yetu mwenye duka, aliyekuja kutoka mkoa wa kati na familia yake, alicheza machifu na baba wakwe, kwa sababu ya tumbo lake na sauti iliyotikisa vibao vya madirisha. Mama alicheza wanawake wote, wazee kwa vijana. Mimi nilikuwa mtoto, au mjukuu, au mbuzi, kadiri mchezo ulivyotaka.

Tulikwenda Sugoi, tulikwenda Cheptiret, tulikwenda kila mahali palipokuwa na kituo cha kukusanyia maziwa. Kiingilio kilikuwa chochote: yai, mahindi mawili, konzi ya maharagwe. Watu walikaa nyasini, na ng'ombe wao nyuma wakitafuna. Sijui nikwambieje raha ile. Unatoka nyuma ya gunia unakuta macho mia mbili yakikungoja, na wazee waliokuwa hawakucheka tangu mwaka wa njaa wanajishika mbavu. Tukirudi, Mama alikaa mbele na dereva akiimba, uso bado una masizi ya mikunjo ya uzee, na nilikuwa najua kabisa kwamba hakuna mtoto Kapseret mwenye mama kama wangu.

Kuna jambo moja la kukuambia kuhusu Mama, na ulishike vizuri. Hakujua kusoma. Hata jina lake hakujua kuliandika. Kwa hiyo daftari la michezo lilikaa kwetu, na jioni tukiwa jikoni mimi nilimsomea yeye akisonga ugali. Nasoma mstari, anausema. Nasoma wa pili, anaiunganisha miwili. Maneno yote aliyafunga kwenye kazi: haya ya kuosha sufuria, haya ya kuchambua mboga, haya ya kufunika kuku. Akishapanga hivyo hayapotei tena. Nyanya, aliyekuwa anakaa kwenye ngozi yake karibu na moto, alikuwa akisema, "Huyu angepelekwa shule, angetusomea sisi wote hata barua za kesho."

Nyanya ndiye pekee ambaye hakumpenda Padri sana. Hakuwa na ubaya naye, ila alikuwa na msemo wake: "Anayekushikia ngazi ndiye anayeweza kuiondoa." Mama alicheka tu.

Sasa, chini bondeni kulikuwa na kisima, chemchemi ya asili iliyotoka kwenye mwamba. Sote tulichota pale, na ng'ombe wote walinywa pale, tangu kabla ya wazungu wa ngano. Mwaka mmoja mkubwa fulani wa mjini, mtu wa chama, akazungushia waya wa miiba na kuweka kufuli. Akasema ni shamba lake. Siku hizo chama kilikuwa kimoja na sauti ilikuwa moja. Watu waliongea siasa wakiangalia nyuma, na ukitaka kumtaja mkubwa ulisema "wenyewe." Tukaanza kwenda mtoni, mwendo wa saa nzima, na hakuna aliyesema neno barazani.

Mwalimu akatunga mchezo wa Fisi aliyezungushia kisima ua. Wanyama wanaomba, wanalia, na mwishoni Fisi anashikwa na aibu, anatubu, anafungua. Kila mchezo ulihitaji kibali. Padri mwenyewe alipeleka karatasi ofisini kwa Bwana DO, mkuu wa tarafa, zikagongwa muhuri. Watu wangecheka, wenye kuelewa wangeelewa, na maisha yangeendelea.

Lakini siku tatu kabla ya kwenda Cheptiret, Padri alikuja kwetu jikoni. Alikaa kwenye kigoda chetu, magoti yakiwa karibu na masikio, akaomba daftari.

"Mama," alimwambia, "mwisho huu ni mdogo. Fisi hawezi kutubu bure. Kule kwetu, wachezaji walituambia ukweli hadi watu wakakosa pa kuangalia."

Akaandika. Aliandika kwenye kurasa za mwisho kwa kalamu yake ya wino wa kijani, kwa mwandiko wake uliolala kama ngano iliyopigwa na mvua. Alipomaliza akanipa nisome kwa sauti. Yalikuwa maneno ya Bibi Kizee, yaani ya Mama. Badala ya Fisi kutubu, Bibi Kizee anasimama mbele ya ua, anawageukia watu walioketi nyasini na kuwaambia: "Ng'ombe wenu bado wanaijua njia ya kisima. Ninyi mmesahau nini?"

Mwiko wa Mama ukasimama ndani ya ugali.

"Fatha, haya yamegongwa muhuri?"

"Ni maneno machache tu."

"Hata mawe ni machache, Fatha, na yanavunja kichwa."

Padri akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamshika Mama bega. "Likitokea lolote, nitasimama mimi. Nitasema ni maneno yangu. Mimi wataniuliza tu, lakini hawatanigusa."

Nyanya akatema mate motoni. Mama akaniangalia, akasema, "Soma tena." Nikamsomea. Haya aliyafunga kwenye kazi ya kutwika mtungi.

Cheptiret siku ile ilikuwa imejaa. Soko lilikuwa linavunjika, jua limeinama kidogo, na magari ya barabara kuu yalikuwa yanapunguza mwendo kutuangalia. Chifu aliletewa kiti cha mbele. Watu walicheka kuanzia Jirani alipotokea akiwa Fisi na mkia wa kamba. Walicheka hadi mwisho, pale Mama alipotembea polepole hadi ukingo wa mbao. Mimi mjukuu nilikuwa nimemshika leso. Akasema yale maneno, tena hakuyapaza. Aliyasema kama mtu anayemuuliza mwanawe ameacha wapi sweta.

Mkebe mmoja ulilia chini ya mguu wangu. Kisha mzee mmoja wa mbele akavua kofia yake, akainuka na kuondoka bila kuaga, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia, rangi imemtoka.

"Nani amebadilisha?" alinong'ona. "Nani amebadilisha mwisho?"

"Fatha," Mama akamwambia.

Mwalimu aligeuka kumtafuta Padri. Padri alikuwa pembeni ya lori, macho yamejaa machozi, anatabasamu kama mtoto aliyepewa andazi.

Jumatatu asubuhi ng'ombe waliteremka bondeni. Sijui nani alianza. Wanasema ilikuwa kama siku ya mnada, mifugo kutoka kila upande na watu nyuma yake, na walipofika kwenye ua hawakusimama. Nguzo ziling'olewa, waya ukakunjwa vizuri na kuwekwa kando kama kitu cha mtu. Sisi watoto tulikunywa yale maji kwa viganja. Yalikuwa baridi hadi meno yakauma. Hiyo ndiyo asubuhi pekee maishani mwangu ambayo nimeona mchezo wa kuigiza ukimaliza kazi yake.

Jumatano chifu alikuja misheni na askari wawili. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na mimi nilikuwa nimeenda kwa Mama, kwa kamba za nguo. Padri alikuwa barazani na kikombe cha chai.

"Nani ameandika ile maneno?" chifu akauliza. "Karatasi ya DO haina hiyo maneno."

Mama alikuwa ameshika shuka lililolowa. Alimwangalia Padri. Mimi pia nilimwangalia. Nilikuwa nangoja asimame, kwa sababu ndivyo alivyosema, nitasimama. Na kweli alikuwa amesimama. Ila kimwili tu.

"Mimi nilileta mchezo ofisini," Padri akasema, "na mchezo niliouleta hauna maneno hayo."

Ukichunguza, si uwongo. Nimeligeuza lile neno miaka mingi na sijapata mahali lilipodanganya. Chifu akamgeukia Mama. "Basi ni wewe?" Shuka lilianguka matopeni, na hiyo ndiyo ilikuwa nguo ya kwanza niliyowahi kumwona akiiacha chini bila kuiokota. Wakamchukua.

Jioni hiyo Mwalimu alikuja kwetu. Hakukaa.

"Mama," alimwambia Nyanya, "lile daftari lichomwe. Wakilipata watasema sisi wote. Mimi nina watoto watano na ni mtu wa serikali."

"Na huyu wa kwangu ana nani?" Nyanya akamuuliza. "Lina mwandiko wa nani, hilo daftari? Si wako. Basi unaogopea nini?"

Mwalimu akaenda zake. Nyanya alilificha daftari ghalani, chini ya mahindi, akaniambia mahali lilipo endapo yeye angechukuliwa pia.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilimpenda Padri. Huyu ndiye mtu aliyenifundisha kupiga mbinja, aliyenipa jina la "Malkia" mbele ya watu wote. Nililala nikiwaza kwamba amesahau. Kwamba aliona askari akashtuka, na akikumbushwa tu mambo yatakuwa sawa. Kesho yake, Nyanya akiwa ameenda kuomba habari kituoni, nilifukua mahindi, nikaficha daftari ndani ya sweta, nikakimbia hadi misheni.

"Fatha, nimekuletea," nikamwambia. "Hapa kuna wino wako. Ukiwaonyesha watajua si Mama."

Alilipokea kwa mikono miwili. Alifungua kurasa za mwisho akasoma mwandiko wake mwenyewe kwa muda mrefu, kama barua ya mtu mwingine.

"Umefanya vizuri sana, Malkia. Nani mwingine anajua?"

"Nyanya na Mwalimu."

"Nitalipeleka mwenyewe. Jumapili mama yako atakuwa nyumbani."

Akanipa kikombe cha maziwa na biskuti mbili zenye krimu katikati. Nikazila. Niliila ya pili polepole, nikitenganisha vipande na kulamba krimu, miguu yangu ikining'inia kwenye kiti chake kirefu, na nilikuwa na furaha.

Jumapili Mama hakuja. Nyanya aliponiuliza daftari liko wapi nikamwambia. Hakunipiga. Alikaa kwenye ngozi yake, akajifunika leso usoni, akakaa hivyo hadi moto ukazimika. Laiti angenipiga.

Kesi ilisikizwa Eldoret. Tulienda na Nyanya kwa lori lile lile la maziwa. Mwalimu alisimama kizimbani akasema mchezo aliotunga ni ule wenye muhuri, na hajui mwingine. Jirani aliapa kwamba alikuwa nyuma ya pazia akivua mkia, hakusikia kitu. Yule mtu ambaye sauti yake ilitikisa madirisha, siku ile hakimu alimwambia mara tatu apaze sauti. Padri hakuwepo. Tuliambiwa ameenda likizo kwao.

Hakimu akamuuliza Mama, maneno haya ni ya nani?

"Ni yangu," Mama akasema.

"Uliyaandika wewe?"

"Sijui kuandika, mheshimiwa. Niliyasema."

Miezi minne. Alitolewa kwa mlango wa pembeni, na aliponipita hakunitazama, na mimi nikajua kwa hakika kwamba amejua nilichofanya.

Aliporudi alikuwa mwembamba, na nywele zimenyolewa. Misheni ilikuwa imepata dobi mwingine na padri mwingine. Mama alikodi kishamba akalima viazi na sukuma wiki. Hakuimba tena kwenye gari lolote. Mwalimu alihamishwa, au aliomba kuhama, sijui. Ile mikebe kumi na miwili ilirudi kazi yake ya maziwa. Ule ua wa kisima ulikuwa umejengwa upya wiki ile ile aliyokamatwa, safari hii kwa nguzo za saruji, na ndani wakapanda mikaratusi ambayo miaka ilivyokwenda iliyanywa maji yote. Ukienda leo utakuta mwamba mkavu na chupa za plastiki.

Miaka ya vurugu za kikabila ilipokuja, Jirani alifunga duka akaondoka na familia yake juu ya mizigo. Ni Mama aliyewachemshia mahindi ya njiani. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini. "Wana watoto," akasema, na nikakumbuka Mwalimu alisema hivyo hivyo.

Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu mimi mwenyewe. Na kwa zaidi ya miaka ishirini sikumwambia Mama habari ya daftari. Nilimjengea nyumba ya mawe, nikamnunulia ng'ombe wa gredi, nikamlipia macho yafanyiwe upasuaji mjini, na kila nilichompa kilikuwa na biskuti zile mbili ndani yake.

Siku niliyosema tulikuwa tunachambua maharagwe barazani, sinia katikati yetu. Nyanya alikuwa amekwisha kufa. Nikasema tu, bila kupanga.

"Mama, ni mimi nilimpa Fatha daftari."

Hakuacha kuchambua. "Najua. Alikuja nalo."

"Wapi?"

"Kituoni. Nilipokuwa ndani. Alilificha ndani ya kanzu." Alitupa jiwe dogo nje ya sinia. "Alinionyesha, akasema mtoto ameleta. Akaniambia, hili likitoka, mimi nitafukuzwa nchini, Mwalimu atafutwa kazi, shule itafungwa, na wewe bado watakufunga. Lakini ukisema ni maneno yako, nitakuja siku ya kesi nikuombee kwa hakimu. Utapewa onyo urudi nyumbani. Akaapa kwa ule msalaba wa shingo."

"Na ukakubali."

"Nilikubali. Shule ilikuwa ni yako." Akachota maharagwe mengine. "Ile siku kizimbani niliangalia ule mlango, wacha tu. Kila ukifunguka naangalia. Hata baada ya kufungwa, wiki ya kwanza, nilikuwa bado nafikiria amecheleweshwa na mvua."

Nililia, rafiki yangu. Nililia kwa sababu ya yeye kuutazama ule mlango. Na kwa sababu siku ile hakunitazama, si kwamba alinilaumu. Aliogopa akinitazama angesema ukweli.

Nikamwambia, "Ulibeba maneno ya mtu mwingine."

"Mwanzoni yalikuwa yake," Mama akasema. "Lakini mtu aliyeyafungiwa ni mimi. Nimetoka nayo. Sasa ni yangu."

Akainua sinia, akapepeta makapi yakapeperuka, akaingia ndani kuinjika sufuria.

Mara nyingi nawaza kilichopotea pale. Wachezaji wanakuja hadi leo, wenye vipaza sauti na fulana za bure, na watu hutoka kuwaona. Lakini wanatoka wakijua kuna kitu wanauziwa, sabuni au mgombea. Zile Jumamosi hatukujua hilo. Tulikaa nyasini na mayai yetu mkononi tukiamini kwamba mtu aliyesimama juu ya mikebe ile hawezi kutuambia jambo ambalo hatalisimamia chini. Watoto wangu wananicheka nikisema hivi. Wao hawajawahi kuamini mtu kiasi hicho, na sijui kama niwaonee huruma au niwaonee wivu.

Mwaka mmoja baada ya ile siku ya maharagwe nilikuja nyumbani kwa Pasaka. Baada ya komunyo padri mpya, kijana wa hapa hapa, alisoma tangazo. Yule padri mwanzilishi alikuwa amefariki kwao Ayalandi, katika nyumba ya wazee, akiwa usingizini. Kabla ya kufa aliwataja watu wa Kapseret. Hakusema alimtaja nani. Akatuomba tusimame, tumwombee marehemu.

Kanisa zima likainuka. Mama aliinuka pia, kwa shida, akishikilia benchi la mbele, akafumba macho, na nikaona midomo yake inasema sala kweli kweli. Mimi nikabaki nimekaa. Alifumbua jicho moja, akanigusa bega.

"Simama," akaninong'oneza. "Watu wanaangalia."

"Wacha waangalie," nikamwambia, nikakaa hadi mwisho.